Udaktari wa Famasi au Udaktari wa Binadamu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi na wazazi wa Kigoma na Tabora

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wahitimu wa kidato cha sita wanaosubiri kuomba vyuo, wazazi wanaowalipia, na wenye stashahada za afya wanaotaka kujiendeleza. Mimi ni mfamasia, na ninaipenda taaluma yangu. Nalisema hili mapema ili msomaji alizingatie anapopima maoni yangu, ambayo nimejitahidi kuyatenganisha na taarifa.

Je, Tanzania kuna shahada ya Udaktari wa Famasi?

Kwa anayetaka kusajiliwa kuwa mfamasia nchini, njia ya kawaida ni Shahada ya Kwanza ya Famasi, ambayo husomwa kwa miaka minne na kufuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi chini ya usimamizi. Udaktari wa Famasi, ambao wengi huuita kwa kifupi PharmD, ni shahada ya kitaaluma inayotolewa katika nchi nyingine. Marekani iliifanya kuwa shahada pekee ya kuingilia taaluma mwanzoni mwa miaka ya 2000. Pakistan huitoa kwa miaka mitano. Na India iliianzisha mwaka 2008 kama programu ya miaka sita, ambapo mwaka wa mwisho mwanafunzi hukaa hospitalini. Kwa hiyo kijana wa Kasulu au Nzega anayepanga kusoma hapa nyumbani anachagua kati ya Shahada ya Famasi na Udaktari wa Binadamu, yaani MD. Suala la PharmD linamhusu yule anayefikiria kwenda nje, na nimelijibu kwa kirefu chini zaidi.

Mwenye PharmD anaruhusiwa kutibu wagonjwa kama daktari?

Hapana. Shahada hiyo humfanya mtu kuwa mfamasia mwenye mafunzo mapana ya kitabibu, na anaporudi nyumbani husajiliwa na Baraza la Famasi, si na Baraza la Madaktari Tanganyika. Haifanani pia na shahada ya uzamivu, ambayo msingi wake ni utafiti.

Masomo huchukua muda gani hadi mtu aanze kufanya kazi?

Udaktari wa Binadamu husomwa kwa miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali ambapo daktari mchanga huzunguka katika idara kuu za hospitali: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Famasi, kama nilivyosema, ni miaka minne na mwaka mmoja. Tofauti ya mwaka mmoja inaonekana ndogo, lakini wazazi wengi wanasahau kwamba safari ya daktari kwa kawaida haiishii hapo. Anayetaka kuwa bingwa husoma tena miaka mitatu au zaidi, na mara nyingi kabla ya hapo huwa amefanya kazi wilayani kwa miaka kadhaa. Mfamasia naye anaweza kusoma uzamili, kwa kawaida miaka miwili, katika famasi ya hospitali, famasi ya viwandani au usimamizi wa dawa. Hata hivyo, mfamasia mwenye shahada ya kwanza anaweza kuitumikia taaluma yake maisha yote bila kuonekana amekwama njiani, wakati daktari asiye bingwa husukumwa na wenzake, na hata na nafsi yake, arudi shule.

Kila siku, kazi zao zinatofautianaje hasa?

Hili ndilo swali ambalo ningependa liulizwe kwanza, kwa sababu mtu huishi ndani ya kazi yake ya kila siku kwa miaka thelathini au zaidi, na cheo alichoandikwa mlangoni hakimsaidii asubuhi anapoingia kazini.

Tuchukue malaria, ambayo watu wa huku hawahitaji kusimuliwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Tabora ndio mkoa uliokuwa na kiwango cha juu zaidi cha maambukizi ya malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano, asilimia 23, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Mtoto anafikishwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete akiwa na degedege. Daktari ndiye anayempima, anayeamua kama ni malaria kali au homa ya uti wa mgongo, anayeagiza damu ikiwa mtoto amepungukiwa, na anayekaa na mama yake kumweleza hali ilivyo, hata pale ambapo habari si njema. Uamuzi ni wake, mara nyingi ndani ya dakika chache, na akikosea anabeba uzito huo mwenyewe.

Mfamasia anaingia mahali pengine katika tukio hilohilo. Sindano ya artesuneti hupimwa kwa uzito: mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, na mwenye kilo 20 au zaidi hupewa miligramu 2.4 kwa kila kilo. Unga wake huyeyushwa kwanza kwa kimiminika maalumu kinachokuja nao, kisha huongezwa maji ya dripu yanayofaa, na ukishachanganywa haupaswi kukaa zaidi ya saa moja kabla ya kuchomwa. Dozi hutolewa mgonjwa anapopokelewa, baada ya saa 12 na baada ya saa 24, na mtoto akiweza kumeza humalizia na dozi kamili ya dawa mseto. Ni nani amehakikisha kwamba dawa hiyo ipo usiku huo, kwamba haijaisha muda wake, na kwamba muuguzi aliyepangwa zamu anajua namna ya kuichanganya? Ni mfamasia, ambaye huenda hakuwahi kumwona mtoto huyo.

Mfano mwingine unanigusa zaidi. Oksitosini, sindano inayozuia mama kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, inapaswa kutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ikiachwa kwenye kabati katika joto la mwezi Oktoba la Tabora, kichupa kitabaki na sura ileile na lebo ileile, lakini nguvu yake itakuwa inapungua. Daktari atachoma sindano sahihi kwa wakati sahihi na mama ataendelea kuvuja damu. Kazi ya kulinda ubaridi huo, kuanzia ghala hadi wodi ya wazazi, haina makofi wala haionekani, na anayehitaji kuonekana ili aridhike atateseka ndani yake.

Mfamasia pia ndiye anayepaswa kushtuka pale mgonjwa anayetumia dawa ya VVU ya dolutegraviri anapoanzishiwa dawa za kifua kikuu zenye rifampisini. Rifampisini hupunguza dolutegraviri mwilini, hivyo miligramu 50 za mara moja kwa siku hulazimika kuwa za mara mbili. Anayefurahia kugundua jambo kama hilo kwenye karatasi, akainua simu na kumpigia daktari kwa heshima lakini bila woga, ana moyo wa famasi.

Baba yangu anasema mfamasia ni muuza dawa tu. Nimjibuje?

Mjibu kwa upole, kwa sababu mzee amesema alichokiona: mtu nyuma ya kaunta anapokea pesa na kutoa vidonge. Mweleze kwamba wengi anaowaona mitaani, hasa katika maduka ya dawa muhimu, ni watoa dawa waliopewa mafunzo mafupi, na kwamba sheria inataka kila famasi kamili iwe na mfamasia aliyesajiliwa anayeisimamia. Mweleze pia kuwa katika hospitali ya mkoa mfamasia huketi kwenye kamati inayoamua dawa zipi zinunuliwe, hufuatilia matumizi ya antibiotiki ili vimelea visijenge usugu, na huripoti madhara ya dawa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kama inawezekana, nenda naye mkaombe kuzungumza na mfamasia wa hospitali iliyo karibu. Maneno ya mtu aliyemo kazini yana uzito ambao kijana hawezi kuupata peke yake mbele ya baba yake.

Ninahitaji ufaulu gani?

Programu zote mbili zinamtaka mhitimu wa kidato cha sita awe na alama kati ya A na E katika Fizikia, Kemia na Biolojia, yaani masomo yote matatu ya mchepuo wa PCB. Alama ya S haihesabiwi. Juu ya hapo kuna kiwango cha chini cha jumla ya pointi na cha alama katika baadhi ya masomo, ambacho hutangazwa katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU. Usome mwongozo wa mwaka wako, usitegemee wa kaka yako. Jambo la kuelewa ni kwamba kiwango cha chini kinakupa haki ya kuomba tu. Kwa udaktari katika vyuo vya umma waombaji ni wengi kuliko nafasi, na wanaochukuliwa huwa wamepita kiwango hicho kwa mbali. Famasi nayo ina ushindani, na anayedhani ni mlango wa nyuma wa walioshindwa udaktari atashangaa akikutana na kemia ya mwaka wa pili.

Nilisoma CBG. Je, nina nafasi?

Kwa mojawapo ya programu hizi mbili moja kwa moja kutoka kidato cha sita, hapana, kwa sababu huna Fizikia. Njia yako ni kuanzia stashahada.

Nina stashahada ya utabibu au ya famasi. Naweza kuendelea?

Ndiyo, na ni njia ya heshima ambayo watu wengi wa mikoa yetu wameipita. Mwenye stashahada ya utabibu huomba Udaktari wa Binadamu, na mwenye stashahada ya sayansi ya famasi huomba Shahada ya Famasi. Kwa kawaida hutakiwa wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa kidato cha nne katika Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia na Kiingereza. Hapo kwenye kidato cha nne ndipo wengi hukwama bila kutarajia, hasa kwa Hisabati. Kama una upungufu huo, rudia mtihani wa somo hilo mapema, usisubiri hadi mwaka wa kuomba chuo.

Ningeongeza neno kwa tabibu aliyefanya kazi katika zahanati ya Uvinza au Kaliua kwa miaka mitano. Wewe tayari umeshika wagonjwa, unajua unachokipenda na kinachokuchosha. Uamuzi wako una msingi kuliko wa kijana aliyetoka darasani juzi, kwa hiyo usiruhusu mtu akuchagulie.

Vyuo gani viko karibu na sisi?

Kwa mtu wa Tabora au Kigoma, chuo kilicho karibu zaidi chenye programu zote mbili ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi cha Kikatoliki, kilichopo Bugando, Mwanza. Kutoka Tabora mtu hupitia Nzega na Shinyanga. Kutoka Kigoma hupitia Kasulu, Kibondo na Nyakanazi. Chuo kikongwe zaidi ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, yaani MUHAS, Dar es Salaam, ambacho mizizi yake ni shule ya udaktari iliyoanzishwa mwaka 1963, na elimu ya famasi ikaanza hapo mwaka 1974. Chuo Kikuu cha St. John's cha Dodoma hutoa famasi, na kilichopo Moshi katika hospitali ya KCMC ni maarufu kwa udaktari. MUHAS pia imekuwa ikijenga kampasi Kigoma kupitia mradi wa serikali wa HEET, na hilo ni jambo ambalo sisi wa magharibi tulilisubiri kwa muda mrefu; angalia katika mwongozo wa TCU ni programu zipi zinazopokea wanafunzi huko kabla ya kuliweka katika mipango yako.

Gharama na mkopo vikoje?

Ada ya udaktari katika vyuo binafsi huwa kubwa kuliko ya vyuo vya umma kwa mbali, na mwaka wa tano unaongeza si ada tu bali pia pango, chakula na nauli. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huangalia uhitaji wa mwombaji na pia programu anayosoma, na fani za afya zimekuwa zikipewa kipaumbele. Waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita waulizie pia Samia Scholarship, ufadhili ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023. Familia zinazotegemea tumbaku au mchikichi zijue kwamba fedha za msimu haziji sambamba na tarehe za ada. Zungumzeni na ofisi ya chuo mapema kuhusu kulipa kwa awamu, kabla mtoto hajazuiwa kufanya mtihani.

Nikimaliza, kuna kazi Kigoma na Tabora?

Uhitaji upo, ajira rasmi ndizo zinazosubiriwa. Zamani daktari alikuwa na uhakika wa kupangiwa kituo mara tu anapomaliza, lakini sasa hata madaktari husubiri matangazo ya serikali, baadhi kwa zaidi ya mwaka. Halmashauri za mikoa hii zina hospitali za wilaya na vituo vya afya vinavyohitaji daktari anayeweza kumpasua mama usiku wa manane bila kumsubiri mtu mwingine. Mbali na hospitali za rufaa za mikoa, Maweni ya Kigoma na Kitete ya Tabora, ziko hospitali za taasisi za dini kama Nkinga iliyopo Igunga na Kabanga iliyopo Kasulu, ambazo huajiri zenyewe. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu nayo, kwa miaka mingi, imewapa kazi madaktari na wafamasia kupitia mashirika yanayoihudumia, ingawa kwa mikataba ya muda.

Mfamasia ana milango ambayo daktari hana. Bohari ya Dawa ina ghala la kanda Tabora, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina ofisi ya kanda mjini humo, kwa hiyo ugavi na ukaguzi wa dawa vinaweza kukupa maisha ya kazi bila kuhama. Unaweza pia kufungua famasi yako. Viwanda vya dawa, hata hivyo, vipo zaidi Dar es Salaam na Pwani, na anayeota kutengeneza dawa ajiandae kuhama.

Hapa lazima niseme jambo linaloniumiza. Wapo wafamasia wanaoazimisha vyeti vyao: jina limetundikwa ukutani katika famasi fulani, mwenyewe yuko mkoa mwingine, na kila mwezi anatumiwa kiasi chake. Kijana anayeambiwa kwamba famasi ni rahisi kwa sababu "utakuwa unalipwa umekaa" anafundishwa kosa la kitaaluma linaloweza kumfutia usajili. Zaidi ya hapo, yupo mama mahali fulani anayepewa dawa isiyomfaa chini ya cheti hicho.

Nani analipwa zaidi?

Serikalini daktari huanza katika ngazi ya mshahara iliyo juu ya mfamasia, na posho za zamu za usiku humwongezea. Katika sekta binafsi hali hubadilika, na mfamasia mwenye famasi iliyosimama vizuri anaweza kumzidi daktari wa kuajiriwa.

Naogopa damu. Je, niache udaktari?

Si lazima. Wengi huzoea ndani ya wiki chache za wodi ya upasuaji. Kinachopaswa kukutia wasiwasi zaidi ni kama huwezi kukaa na mtu anayelia, au kama kuamua bila kuwa na taarifa zote hukunyima usingizi kila mara. Hilo halizoeleki kirahisi.

Nikikosa udaktari, nisome famasi kwanza kisha nihamie?

Sikushauri. Anayemaliza famasi na kuomba udaktari kwa kawaida huanza mwaka wa kwanza pamoja na waliotoka kidato cha sita. Miaka minne na mitano ni tisa, na bado kuna utarajali; usitegemee kwamba mkopo wa shahada ya kwanza utapata mara ya pili. Baya zaidi ni kwamba mwanafunzi wa namna hiyo hukaa darasani kama mtu aliyeko kituo cha basi. Hasomi famakolojia kwa undani, hazoeani na wenzake, na anamaliza na GPA ambayo haimsaidii upande wowote. Kama moyo wako uko kwenye udaktari kweli, ni bora kurudia somo lililokuangusha kwa mwaka mmoja au kupitia stashahada ya utabibu. Na kama utaingia famasi, ingia ukiwa umeamua kuwa mfamasia.

Nimepata nafasi ya PharmD India. Nikirudi, itanisaidia nini kuliko shahada ya hapa?

Utakuwa umesoma miaka sita, na mafunzo ya wodini yatakuwa mengi kuliko aliyoyapata mwenzako wa miaka minne. Hiyo ni faida ya kweli kwa anayetaka famasi ya hospitali. Lakini utakaporudi, TCU itatathmini shahada yako, Baraza la Famasi litaamua masharti ya usajili wako, na ukishasajiliwa utakuwa mfamasia kama yeye. Usitarajie mshahara wa daktari kwa sababu ya jina la shahada. Kabla ya kulipa hata shilingi moja ya ada, andika barua kwa TCU na kwa Baraza la Famasi, taja chuo na programu, na uhifadhi majibu. Wakala wa vyuo vya nje anayekwambia "usijali, inatambulika" si baraza.

Kuhusu Marekani, hesabu ni tofauti kabisa. Huko PharmD huchukua miaka minne baada ya angalau miaka miwili ya masomo ya chuo kikuu, na udaktari huanza baada ya shahada ya kwanza kamili, ukifuatiwa na mafunzo ya ubingwa ya miaka mitatu hadi saba. Mfamasia aliyesoma hapa na anayewaza kuhamia huko ajue pia kwamba, kwa waliohitimu kuanzia mwaka 2003, chama cha kitaifa cha bodi za famasi cha Marekani kwa muda mrefu kimekuwa kikidai programu ya miaka mitano, wakati yetu ni ya minne. Asome masharti yanayotumika katika mwaka anaoomba.

Dirisha la kwanza limefungwa na jina langu halimo kwenye udaktari. Nifanye nini wiki hii?

Maombi hupelekwa moja kwa moja vyuoni, na TCU hufungua awamu zaidi ya moja. Angalia ni vyuo gani bado vina nafasi, linganisha alama zako na masharti yao, kisha omba kwa mpangilio wa unachokitaka kweli. Ukichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, utatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri utakayotumiwa kwenye simu au barua pepe, ndani ya siku zilizotangazwa. Kwa hiyo hakikisha laini uliyojisajilia ni yako mwenyewe na iko hewani, hata kama uko kijijini kwa babu ambako mtandao unapatikana mlimani tu.